Mita mia tano za mwisho kabla ya Serengeti

Na Mwandishi Wetu, Tarime

*Wananchi wa vijiji vya mpakani wanasema vigingi vimewafuata nyumbani. Wahifadhi wanasema mashamba ndiyo yaliyowafuata wanyama. Kati yao kuna ukanda mwembamba wa ardhi ambao gharama yake haijapata mlipaji.*

Mahindi yakianza kukauka shambani, wakulima wa vijiji vya Tarime vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huhamia dunguni. Mchana huvuna na kusinzia kidogo. Usiku hukesha na tochi, madebe ya kugonga na kuni za kukokea moto. Tembo hutoka hifadhini gizani, na hutembea kimya kuliko mtu anavyotarajia kwa mnyama wa tani nne au tano. Wakiingia watano au sita, ekari moja haifiki alfajiri.

Kukicha, mwenye shamba hutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, na taarifa ikifika halmashauri huja ofisa wanyamapori kufanya tathmini. Ekari zilizoliwa zitahesabiwa, ndiyo, lakini kuna swali linalotangulia: shamba liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Kwa kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori, jinsi zilivyotungwa mwaka 2011, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikupangiwa malipo yoyote. Kutoka hapo hadi kilomita moja, kiwango kiliwekwa kuwa shilingi 25,000 kwa ekari. Kadiri shamba lilivyosogea mbali ndivyo malipo yalivyopanda, mpaka shilingi 100,000 kwa ekari kwa aliye zaidi ya kilomita tano, tena mwisho ulikuwa ekari tano. Serikali imekwisha kutangaza kuvipandisha viwango hivyo.

Mantiki yake inaeleweka: aliyelima kando kabisa ya hifadhi amejitakia, na sheria haitaki kumpa motisha ya kuendelea. Ila jedwali hilo la viwango linachukulia kwamba mpaka unajulikana na pande zote mbili zimeukubali. Tarime si hivyo.

Vigingi

Vijiji vinavyotajwa sana ni Kegonga na Nyandage katika Kata ya Nyanungu, na Gibaso na Karakatonga katika Kata ya Kwihancha. Kwa serikali, mpaka ni ule uliotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 235 la mwaka 1968. Kwa wananchi wengi wa vijiji hivyo, mpaka ni ule walioonyeshwa na wazee wao: mti fulani, kijito fulani, mahali ambapo askari wa hifadhi wa zamani walikuwa wakisimama na kugeuka.

Wapima walipokuja katika miaka ya karibuni kuusoma upya mpaka wa tangazo hilo na kusimika vigingi, mistari hii miwili haikukutana. Wanavijiji walisema hifadhi imeingia kwao. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilisema vigingi vimewekwa pale sheria inapotaka, na kwamba waliovuka ni wakulima na wafugaji. Mbunge wa Tarime Vijijini, Mwita Waitara, aliupeleka mgogoro huo bungeni mara kadhaa.

Tarime haikuwa peke yake. Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza kusitishwa kwa uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane ikapewa kazi ya kuzunguka nchi. Mwaka 2021 serikali ilieleza kwamba kati ya vijiji na mitaa 975 yenye migogoro ya namna hiyo, 920 ingebaki ilipo. Kwenye karatasi huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa wananchi. Lakini kijiji kinaweza kubaki na bado kikapoteza malisho yake, kwa sababu kuruhusiwa kubaki hakuelezi kijiji kinaishia wapi.

Hapo ndipo ugomvi wa Tarime ulipo mpaka leo. Hakuna anayedai Kegonga ihame. Kinachogombewa ni ukingo wake.

Mstari uliochorwa kwa ajili ya nyumbu

Mpaka huu una historia, na kwa maoni ya mwandishi huyu haielezwi vya kutosha kwenye mikutano ya hadhara, ambako kila upande huanza kuhesabu miaka pale panapoufaa.

Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, enzi za Waingereza. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa nayo, Wamaasai wakahamishiwa huko, na hifadhi ikafidiwa kwa kuongezewa eneo upande wa kaskazini. Wakati huo mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walikuwa wakirusha ndege yao ndogo juu ya mbuga wakihesabu wanyama. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Kazi yao iliionyesha dunia kwamba nyumbu hawajali mipaka ya watawala: mvua ikihama nao huhama.

Kiangazi, nyasi za kusini zikiisha, nyumbu hupanda kaskazini hadi Mto Mara. Ng'ambo ya mto, kati ya maji na mpaka wa Kenya, kuna pembe ya ardhi iitwayo Lamai. Iliongezwa kwenye hifadhi katikati ya miaka ya 1960, serikali ikiwa tayari ya Tanzania huru, ili nyumbu wapate njia ya kudumu kati ya Serengeti na Maasai Mara. Wakurya waliokuwa wakiishi, wakilima na kuchunga huko waliondolewa.

Rais wa wakati huo alikuwa mwana wa mkoa huuhuu wa Mara, Julius Nyerere wa Butiama. Septemba 1961, katika tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la Wanyamapori, alikuwa ameahidi kwamba nchi itawalinda wanyama kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa kiasi kikubwa. Lamai ni sehemu ya bei yake, na waliolipa walikuwa watu wa ukoo na wa kaya, wenye majina ambayo familia za huku bado zinayakumbuka.

Kwa hiyo mzee wa Nyanungu anapoonyesha kidole bondeni na kusema babu yake alichunga pale, mara nyingi anasema kweli. Na mhifadhi anaposema pale ni hifadhi kwa tangazo halali, naye anasema kweli. Ukweli wa mmoja haufuti wa mwingine, na hii ndiyo sababu mikutano mingi huisha kwa kelele.

Wote wameongezeka

Kuna jambo lingine ambalo wachora mpaka wa miaka ya 1960 hawangeweza kulijua. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 260,000. Walikuwa wamebanwa kwa miongo mingi na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuua mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa, ugonjwa ukakatika pia porini. Kufikia 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni 1.3, na idadi yao imekuwa ikizunguka hapo hadi leo.

Hebu msomaji alitafakari hilo kidogo. Chanjo ya ng'ombe wa wafugaji ndiyo iliyoijaza Serengeti nyumbu. Wafugaji hawakupewa hata cheti.

▌Mwaka 1967 Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 544,125. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,372,015.

Binadamu nao hawakulala. Kati ya sensa hizo mbili watu wa mkoa huu wameongezeka zaidi ya mara nne. Nyumbu tangu 1961, mara tano. Mpaka uliowekwa kutenganisha watu wachache na wanyama wachache sasa unatenganisha umati na umati.

Tembo wana hadithi yao. Katikati ya miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewapunguza Serengeti hadi mia chache. Operesheni Uhai ya 1989 na marufuku ya kimataifa ya biashara ya meno ya tembo iliyopitishwa mwaka huohuo viliwapa nafuu. Sensa ya anga ya 2014 ilikuta zaidi ya 7,000 katika mfumo mzima wa Serengeti na Maasai Mara. Kijana wa Gibaso ambaye leo anakesha dunguni ana baba ambaye, alipokuwa na umri wake, pengine hakuwahi kumwona tembo shambani kabisa.

Mji unaotazama Sirari

Ukitoka vijijini ukaingia mjini, katika Kata ya Nyamisangura ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tarime, Serengeti inakuwa kitu cha mbali ghafla. Maisha ya hapa yanafuata barabara kuu ya kutoka Musoma kwenda Sirari na Kenya. Mahindi, ndizi na kahawa hushuka kutoka nyanda za juu. Bidhaa za dukani huvuka mpaka kwenda na kurudi. Mtalii ni nadra. Watalii wengi wa kaskazini mwa hifadhi huja kwa njia za Arusha, au kwa ndege ndogo zinazotua Kogatende, karibu kabisa na Mto Mara. Huangalia nyumbu wakivuka, hulala kambini, huondoka kwa ndege ileile.

Kwa hiyo mji mkubwa wa karibu na mojawapo ya vivutio mashuhuri zaidi duniani huishi kana kwamba haukujengwa karibu nacho. Mwenye mgahawa Nyamisangura hahesabu msimu wa nyumbu katika mwaka wake wa biashara. Anahesabu msimu wa mahindi, na mahindi hayo baadhi hutoka kwenye vijiji vinavyogombana na hifadhi. Hasara ya mpakani hufika mjini kwa bei ya debe. Faida hupita juu angani.

Hili lingekuwa jepesi kuvumilia kama fedha zingerudi kwa njia nyingine. TANAPA ina mpango wa ujirani mwema ulioanzia Serengeti mwaka 1988, na umejenga madarasa, zahanati na visima katika vijiji vya pembezoni. Lakini Julai 2020 mapato ya hifadhi yalianza kukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuingia Mfuko Mkuu wa serikali, na shirika likawa la kupangiwa fungu lake katika bajeti. Kwa hazina ya taifa ulikuwa utaratibu mzuri. Kwa mwenyekiti wa kijiji anayetaka kuwaonyesha watu wake uhusiano kati ya tembo aliyekula mahindi na dawati alilokalia mtoto, uliufanya uzi huo kuwa mwembamba zaidi.

Hoja ya wahifadhi

Si haki kuwaeleza wahifadhi kana kwamba wanalinda mistari kwa ubishi. Machi 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Serengeti na Maasai Mara ulioongozwa na Michiel Veldhuis wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi. Watafiti walionyesha kwamba shinikizo la kilimo, makazi na mifugo pembezoni haliishii pembezoni. Linawasukuma wanyama kukusanyika katikati, hadi katikati nako nyasi, moto wa asili na udongo vinabadilika. Yaani hifadhi inaweza kubaki na ukubwa wake wote wa kilomita za mraba 14,763 kwenye ramani huku ikipungua ardhini.

Upande wa Lamai hali ni ya hatari zaidi kwa sababu ya umbo lake. Hapa Serengeti ni nyembamba, na nyanda za juu za Tarime zenye watu wengi zinaishia palepale bonde linapoanzia. Ng'ombe wakishuka kunywa na kulala bondeni, nyumbu hawana pa kuzungukia. Kuna nyaya za kutegea pia, zinazokamata nyumbu, pundamilia, hata simba na tembo wasiokusudiwa. Mwaka 2017 shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society lilianzisha pamoja na wenye kampuni za utalii vikosi vya kung'oa mitego hiyo, na kazi haijaisha.

Askari wa hifadhi anayekutana na kundi la ng'ombe mia mbili usiku ndani ya hifadhi hana nafasi ya kujadili historia ya miaka ya 1960. Ana sheria, na sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu ng'ombe hata mmoja.

Wengine wamefanyaje

Sheria hiyo kali ni chaguo, na nchi yetu yenyewe imewahi kuchagua vingine. Mfano ulio mbali kabisa na Tarime, kwenye maji ya chumvi, ndio unaofundisha zaidi.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Ina kilomita za mraba 822, sehemu kubwa ikiwa bahari. Kiini chake ni Ghuba ya Chole, yenye matumbawe yaliyokingwa na visiwa vya Juani na Jibondo dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Watu hawakuondolewa. Vijiji zaidi ya kumi viko ndani ya hifadhi, na bahari imegawanywa katika kanda: mahali ambapo kuvua ni marufuku kabisa, mahali ambapo baadhi ya zana zimezuiwa, na mahali ambapo mwenyeji anavua kama kawaida kwa kufuata masharti.

Mafia si pepo. Wavuvi wa Jibondo waliipinga hifadhi kwa miaka mingi, wakisema kanda zilichorwa juu ya maji yao bila wao. Na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na kivutio kikubwa cha utalii wa kisiwa hicho, hukusanyika mbele ya Kilindoni, nje ya mpaka wa hifadhi. Naye hakusoma tangazo la serikali. Lakini mvuvi wa Jibondo na mhifadhi walikuwa na kitu cha kujadili: kanda gani, zana gani, miezi gani. Kati ya Kegonga na Serengeti mjadala una maneno mawili tu, ndani na nje.

▌Wilaya jirani ya Serengeti ina Jumuiya ya Ikona. Tarime haina jumuiya ya aina hiyo.

Karibu zaidi, katika Wilaya ya Serengeti, vijiji vitano vikiwamo Robanda na Makundusi viliunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, iliyoidhinishwa mwaka 2006. Vilitenga ardhi yao ya kijiji kwa ajili ya wanyama, wawekezaji wakaweka kambi, na sehemu ya mapato hurudi vijijini. Kuna malalamiko ya mgawanyo, na tembo wa Robanda hawana adabu zaidi ya wale wa Gibaso. Tofauti ni kwamba mwanakijiji wa Robanda anajua ardhi ile ni ya kijiji chake hata anapoiachia swala.

Ng'ambo ya pili, Kenya, wamiliki wa ardhi wanaopakana na Maasai Mara walianza kukodisha mashamba yao kwa hifadhi za jamii; Olare Orok ilianza 2006, nyingine zikafuata. Kambi hulipa kodi kwa hekta. Tusiikimbilie njia hiyo bila kuitazama chini: wale wana hati za mtu mmojammoja, sisi tuna ardhi ya kijiji kwa Sheria namba 5 ya 1999, na mwaka 2020 watalii walipokatika, kodi nazo zilikatwa. Ila jambo moja linahamishika bila hati wala sheria mpya. Kule ardhi ya pembezoni inayotakiwa ibaki tupu ina bei, na kuna anayeilipa.

Hesabu ya ukanda

Tuirudie hesabu ya mita mia tano, kwa sababu ndiyo itakayobaki hata ugomvi wa vigingi ukiisha kesho. Kilomita moja ya mpaka kwa upana wa mita 500 ni hekta 50, ekari kama 124. Kwa kaya zenye ekari tano kila moja, hizo ni kaya kama 25 katika kila kilomita ya mpaka. Hawa ndio wanaokutana na tembo kwanza, ndio wanaoshukiwa kwanza ng'ombe akikutwa ndani, na ndio ambao jedwali la 2011 liliwaandikia sifuri.

Zipo mbinu za kuwapunguzia adha: uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, vikosi vya vijana vya kufukuza tembo, mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba, ambayo mtafiti Lucy King alithibitisha nchini Kenya kuwa tembo huikwepa. Zinasaidia. Lakini zote zinamwongezea kazi yuleyule ambaye tayari anakesha, na tembo hujifunza upesi kuliko ofisi za umma.

Mwandishi huyu anaona mambo mawili hayahitaji kusubiri kamati nyingine. La kwanza, maelezo ya mpaka ya tangazo la 1968 yasomwe kwa Kiswahili, kigingi kwa kigingi, wapima na wazee wakitembea pamoja na nakala ya ramani ikabaki katika ofisi ya kijiji. Pale ambapo tangazo lina haki, litasimama. Pale ambapo kigingi kimekosewa, kitang'olewa bila aibu. Mpaka hapo, umbali kutoka mpaka unaobishaniwa usitumike kumnyima mtu kifuta jasho.

La pili ni ukanda wenyewe. Serikali ikiona kwamba hekta 50 za kila kilomita zinafanya kazi ya uhifadhi, basi hizo ni hekta za uhifadhi na zina gharama, sawa na mafuta ya magari ya doria na mishahara ya askari. Gharama hiyo kwa sasa inabebwa na kaya 25 ambazo hazikuulizwa. Mahali pake ni kwenye makadirio ya Wizara ya Maliasili na Utalii, yenye kasma na namba yake, ambako wabunge wanaweza kuijadili Dodoma kama wanavyojadili kasma nyingine.